Jeti za Eastleigh: babu hakudanganya, ila alichanganya ndege tatu

Swali: Babu yangu ni mzaliwa wa Machakos, na ujana wake wote aliumalizia kazini kwenye uwanja wa ndege wa Eastleigh, Nairobi, chini ya Waingereza. Alianza wakati wa Hali ya Hatari, akaacha muda mfupi kabla ya Uhuru. Hutusimulia habari za ndege za vita zisizo na propela, zenye mikia miwili, zilizotengenezwa kwa mbao, ambazo zikiwashwa zililia kama bunduki na kutoa moshi. Anasema zilinuka kama taa ya chemli, zilipita kabla hujazisikia, na siku moja ziliondoka zote kwenda vitani Uarabuni. Binamu yangu anayefuatilia mambo ya ndege anasema Kenya haikuwa na jeti mpaka miaka ya 1970, na kwamba jeti ya mbao ni hadithi ya sungura na fisi. Nani tumwamini, na ndege yenyewe ilikuwa gani?

Jibu: Babu yako aliziona. Tena amekumbuka mambo ambayo waandishi wengi wa historia ya ndege huyaruka, kwa sababu wao hukaa na picha na namba za usajili, na yeye alikaa na sauti, moshi na harufu. Ila katika masimulizi yake ndege tatu tofauti zimekuwa ndege moja. Hilo halinishangazi. Mtu akikaa kazini mahali pamoja miaka mingi, ndege zikiletwa na kuondolewa mbele yake bila mtu kumweleza chochote, baadaye zote huwa "zile jeti". Tukizitenganisha, karibu kila alichosema kitapata mahali pake na mwaka wake.

Nianze na binamu yako, maana hoja yake ni fupi. Yeye anahesabu ndege za Jeshi la Anga la Kenya, na hesabu yake ni sahihi: jeshi hilo liliundwa Juni 1964, likapata jeti zake za kwanza, Strikemaster, mwaka 1971, kisha Hunter kuanzia 1974, na F-5 mwaka 1978. Lakini Eastleigh, ambayo leo ni Moi Air Base, ilikuwa kambi ya Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mwingereza alizileta jeti zake hapo mwaka 1954, miaka 17 kabla ya Strikemaster. Tena jeti iliyotangulia kuonekana mara kwa mara Afrika Mashariki haikuwa hata ya vita. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya jeti yenye abiria waliolipa nauli, na moja ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Watu wa Entebbe walizoea mlio wa jeti ya abiria wakati miji mingi ya Ulaya haijausikia. Ishike hiyo Comet, tutaihitaji tena tukifika kwenye moshi.

Sasa Eastleigh yenyewe. Mpaka Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958, uwanja huo ulikuwa wa jeshi na wa abiria pia. Binti mfalme Elizabeth alitua hapo tarehe 1 Februari 1952, na siku chache baadaye akaondoka nchini, kwa njia ya Entebbe, akiwa malkia. Kwa hiyo aliyefanya kazi hapo aliona kila kitu: ndege za abiria, za mizigo, za wageni wakubwa, na za vita.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Ndege za kwanza kutumiwa dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau zilikuwa za propela. Kulikuwa na Harvard, ndege ndogo za kufundishia marubani, zilizofungwa mabomu ya kilo 9 hivi na kurukia Thika, baadaye Mweiga karibu na msitu. Mwishoni mwa 1953 zikaja Lincoln, ndege kubwa za mabomu zenye injini nne, na hizo zilikaa Eastleigh. Hizo babu yako hawezi kuziita jeti hata kwa bahati mbaya, maana mlio wa Lincoln ukiwa mtu wa Pumwani ulikuamsha usingizini. Mwaka 1954 ndipo jeti zikaja. Kikosi cha 8 cha RAF, kilichokuwa Khormaksar, Aden, kilileta Vampire. Kikosi cha 13 kilileta kutoka Misri Meteor za aina ya PR.10, ambazo hazikuwa na bunduki bali kamera, kwa ajili ya kupiga picha misitu ya Aberdare na Mlima Kenya kutoka juu sana.

Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, ndipo ulipofanyika msako wa Anvil, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakaondolewa Nairobi kwa maelfu, na waajiri wakawatafuta watu wa makabila mengine kujaza nafasi. Kijana wa Machakos kupata kazi kambini wakati ule si jambo la ajabu hata kidogo. Mwulize kwa upole, huenda kuna mengi hapo asiyoyasimulia mezani.

Twende kwenye dalili. Kwanza mikia miwili, maana hiyo peke yake inatuondolea ndege nusu nzima. Meteor ilikuwa na injini mbili, moja katika kila bawa, na mkia mmoja. Hunter za Waingereza, zilizokuja Eastleigh baadaye na ambazo tutazifikia, zilikuwa na injini moja na mkia mmoja. Ndege za vita za jeti za Eastleigh zenye mikia miwili ni mbili tu, Vampire na mdogo wake Venom, zote za kampuni ya de Havilland. Ukiitazama Vampire ubavuni unaona kiwiliwili kifupi chenye rubani mbele na injini nyuma yake, kisha basi, kimeishia hapo. Kutoka kwenye mabawa hutoka mihimili miwili myembamba inayokwenda nyuma, na juu ya kila mhimili kuna mkia, na kati yao bawa dogo la mlalo linaloiunganisha.

Umbo hilo halikuwa urembo. Vampire iliruka mara ya kwanza tarehe 20 Septemba 1943, injini za jeti zikiwa bado changa na dhaifu. Hewa ya moto ikisafiri ndani ya bomba refu hupoteza nguvu njiani, na nguvu yenyewe ilikuwa ya kuhesabia. Wahandisi wakaona afadhali bomba liwe fupi kabisa, lifungukie hapohapo nyuma ya injini, na mkia ubebwe pembeni kwa mihimili ili usiungue. Miaka michache baadaye injini zilipopata nguvu, umbo hilo likaanza kuachwa. Ndiyo maana mtu anayesema aliona jeti ya vita yenye mikia miwili na mihimili yake anakupa pia kizazi cha ndege hiyo bila kujua.

Mbao ni kweli. Hapa binamu yako atahitaji kukaa kitako. Kiwiliwili cha Vampire, yaani sehemu aliyokaa rubani, kilitengenezwa kwa tabaka za mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, katikati zikiwa na balsa, ule mti mwepesi kuliko karibu miti yote. Mabawa, mihimili na mkia vilikuwa vya chuma chepesi. De Havilland walikuwa na ujuzi huo tayari, kwa sababu wakati wa vita walitengeneza Mosquito, ndege ya mbao karibu yote, ambayo kwa muda iliwashinda mbio Wajerumani wengi. Waingereza wakati wa vita walikuwa na uhaba wa alumini na mafundi wa chuma, lakini maseremala walikuwapo. Basi jeti yao ya pili kuingia jeshini ikatoka nusu karakana ya chuma na nusu karakana ya seremala. Venom nayo ikarithi kiwiliwili hichohicho cha mbao. Aliyegonga ubavu wa Vampire kwa kidole alisikia mbao, na kama babu yako anasema alijua ni mbao, ina maana alisogea karibu kiasi cha kugonga, au aliwasikia mafundi wakisemezana.

Kuhusu kukosa propela, usimcheke mtu kwa kulitaja hilo kwanza. Ndilo jambo lililowashangaza watu kila mahali. Wamarekani walipokuwa wakiijaribu jeti yao ya kwanza, Bell P-59, kule Muroc, California, mwaka 1942, waliifunga propela bandia puani ilipokuwa chini ili wapita njia wasitie shaka. Uingereza yenyewe iliruka na jeti yake ya kwanza tarehe 15 Mei 1941 kule Cranwell, dakika 17 tu hewani, kwa injini ya mhandisi Frank Whittle, na habari ikabaki siri. Meteor ilipoingia kazini Julai 1944 na Kikosi cha 616, muda si mrefu ikapelekwa Manston, kusini mashariki mwa nchi, kuwinda makombora ya V-1 ya Wajerumani. Tarehe 4 Agosti rubani mmoja bunduki zake zilikwama, akasogeza ncha ya bawa lake chini ya bawa la kombora, akalipindua likaanguka. Miaka kumi baadaye Meteor za ukoo huohuo zikawa zinapanda juu ya Nairobi na kamera puani.

Moshi na mlio wa bunduki ndivyo vilivyonifanya nilijibu swali hili kwa urefu. Karibu kila mtu akiulizwa habari za ndege ya zamani huulizwa ilikuwa na umbo gani. Mimi nikikutana na mzee aliyefanya kazi uwanjani humwuliza iliwashwaje, kwa sababu umbo husahaulika na picha za baadaye huliingilia, lakini kuwashwa kwa injini mtu aliyesimama karibu hakukusahau.

Vampire na Meteor ziliwashwa kwa umeme. Mafundi walisukuma mkokoteni wenye betri nzito hadi ubavuni mwa ndege, wakachomeka waya, na mota ikaanza kuizungusha injini. Hakuna kishindo. Unasikia mnung'uniko, kisha mluzi mwembamba unaopanda polepole, unapanda, unapanda, ndani mafuta yanashika moto kwa mvumo, na mluzi unaendelea kupanda mpaka masikio yanauma. Injini ya Vampire iliitwa Goblin. Ndani yake mlikuwa na gurudumu moja kubwa la kusukuma hewa kwenye vyumba 16 vya kuchomea, nalo lilizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Mluzi ulitoka kwenye gurudumu hilo. Wakati mwingine mafuta yalijaa kabla ya kushika moto, na yakishika, ulimi wa moto ulitoka nyuma mrefu kuliko mtu. Mafundi waliozoea walikaa mbali na kusubiri. Wageni walikimbia.

Venom ilikuwa jambo jingine. Injini yake, Ghost, iliwashwa kwa ganda la baruti, mfano wa risasi kubwa isiyo na kichwa. Rubani akibonyeza, ganda linalipuka, gesi yake inazungusha turbini ndogo, na turbini ndogo inaizungusha injini. Unasikia kishindo, halafu mfoko, halafu wingu la moshi linaizunguka ndege, na ndani ya sekunde chache injini imekwisha kushika. Ganda likishindwa, linapigwa la pili. Hebu fikiria ndege kadhaa zimepangwa mstari mmoja asubuhi ya baridi ya Nairobi, zote zikiwashwa kwa zamu: anayefagia upande wa pili wa uwanja lazima ainue kichwa.

Kwa hiyo mikia miwili pamoja na mlio wa bunduki ni Venom. Na Venom zilizokaa Eastleigh kama wenyeji tunazijua tarehe zake. Kikosi cha 142 kiliundwa hapo tarehe 1 Februari 1959 kikiwa na Venom za FB.4, na tarehe 1 Aprili mwaka huohuo kikabadilishwa namba kuwa Kikosi cha 208. Mwanzoni mwa 1960 Venom hizo zikaondolewa. Unaona jinsi kumbukumbu moja ya sauti inavyolibana jambo? Miaka yote ya kazi ya babu yako imebanwa hadi kwenye mwaka mmoja na kidogo.

Na ile Comet? Injini zake nne zilikuwa Ghost pia, za ukoo mmoja na ile ya Venom. Aliyepanda Comet Entebbe mwaka 1952 na aliyefagia karibu na Venom Eastleigh mwaka 1959 walisikia sauti za ndugu.

Harufu ya chemli wala haihitaji mtaalamu. Ndege za propela za wakati ule zilitumia petroli ya ndege, kali, ya kuvuta pua. Jeti zilitumia mafuta ambayo kwa asili ni mafuta ya taa yaliyosafishwa zaidi. Mtu aliyesomea chini ya chemli, au aliyewashiwa jiko la mafuta ya taa na mama yake, aliitambua harufu hiyo siku ya kwanza. Hapo babu yako alikuwa na ujuzi kuliko maofisa. Hata hivyo harufu hiyo haitusaidii kutenganisha ndege, maana jeti zote za Eastleigh zilikuwa nayo.

Kupita kabla hujaisikia kumewafanya watu wengi waseme Vampire ilishinda mwendo wa sauti. Haikushinda. Kasi yake kubwa ilikuwa karibu kilomita 880 kwa saa, na sauti husafiri kama kilomita 1,200. Kelele nyingi za jeti hutokea nyuma, pale hewa ya moto inapogongana na hewa tulivu, na hutupwa nyuma zaidi kuliko mbele. Ndege ikija chini kwa chini kukuelekea, inakuja na kelele zake ndogo; ikishakupita, ndipo kishindo chote kinakuangukia. Ndege ya propela inajitangaza dakika nzima kabla ya kufika. Kwa aliyekuwa msituni, tofauti hiyo haikuwa ya kuburudisha masikio. Harvard ilimpa muda wa kujificha, Vampire haikumpa.

Ingawa hapo lazima niseme ninavyoona: Vampire ilikuwa silaha mbovu kwa vita ile. Ilikuwa na mizinga minne ya milimita 20, na roketi na mabomu, lakini ilikwenda kasi mno kwa rubani kuona mtu chini ya miti, ilikunywa mafuta mno kuzungukazunguka ikitafuta, na wingu la Aberdare halisubiri mtu. Harvard ya kilomita 300 na kitu kwa saa iliona zaidi. Nadhani Vampire zililetwa zaidi ili zisikike, na kwamba vijiji vilivyo kando ya msitu ndivyo vilivyolipa gharama ya kelele hizo kwa hofu. Watu waliokuwa chini ya ndege hizo wana kumbukumbu zao, nazo hazifanani na za aliyekuwa uwanjani.

Kuna jambo ambalo hukulitaja na ningependa umwulize: ndege hizo zilitumia njia ndefu kiasi gani kabla ya kuinuka? Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto, hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Jeti inakula hewa hiyohiyo, na mabawa yanaegemea hewa hiyohiyo, kwa hiyo injini inapungukiwa na nguvu wakati mabawa yanadai kasi zaidi. Injini za zamani zilikuwa na ugonjwa mwingine pia: hazikuitikia upesi. Rubani akisukuma mkono wa mafuta kwa pupa, injini ilizidi joto au ilizima kabisa. Alisukuma taratibu, akashika breki, akasubiri mluzi ufike juu, akaachia, na ndege ikaanza kama haitaki. Wakati wa kutua ilikuwa kinyume chake, maana hakuna propela ya kusaidia kupunguza mwendo, na rubani aliyegundua amechelewa hakuwa na nguvu ya haraka ya kumnyanyua tena. Vampire za FB.9, zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, zilikuwa na mtambo wa kumpoza rubani, lakini hazikuwa na kiti cha kumrusha nje mambo yakiharibika. RAF ilipoteza Meteor zaidi ya 800 katika miaka yake yote ya kazi, nyingi katika mazoezi tu, na Vampire haikuwa na sifa bora sana. Mzee akisema aliona moja ikianguka, msikilize na uandike mwezi na mwaka anaoukumbuka.

Mwulize pia kama alishika ufagio. Jeti hufyonza kila kilicho mbele yake, na kokoto moja ikiingia kwenye gurudumu linalozunguka mara 10,000 kwa dakika injini imekwisha. Kwa hiyo popote jeti zilipokuwa, lazima watu wafagie, kila siku, kwa mikono, na kwenye kambi za Waingereza Afrika kazi hiyo ilikuwa ya Waafrika. Haikuandikwa sana kwenye kumbukumbu za vikosi. Bila wao ndege hazikuruka.

Imebaki Uarabuni. Hii ndiyo sehemu ambayo binamu yako angeishambulia kwa urahisi, kwa sababu Venom za Eastleigh hazikuondoka zote kwenda vita yoyote. Zilizoondoka ni Hunter. Kikosi cha 208 kilipoachana na Venom, kilipewa Hunter za FGA.9 huko Uingereza na kurudi nazo Eastleigh katikati ya 1960. Hunter ni ndege ya kizazi kingine: mabawa yamelala nyuma, mkia mmoja, mizinga minne ya milimita 30, na kasi ya karibu kilomita 1,150 kwa saa karibu na ardhi. Ikipiga mbizi kutoka juu iliweza kuupita mwendo wa sauti. Kuwashwa kwake hakukuwa na ganda la baruti bali kimiminika kilichoitwa Avpin, ambacho kilitoa ukelele mfupi mkali badala ya kishindo, na kilikuwa hodari wa kushika moto pasipotakiwa.

Kuwait ilipata uhuru tarehe 19 Juni 1961, na siku sita baadaye Abdul Karim Qasim, mtawala wa Iraki, akatangaza kwamba Kuwait ni sehemu ya nchi yake. Waingereza walipeleka majeshi kwa haraka mwanzoni mwa Julai, na Hunter za Kikosi cha 208 zilitoka Nairobi kwenda Ghuba pamoja na zile za Kikosi cha 8 cha Aden. Vita yenyewe haikupiganwa, Iraki haikuvuka mpaka. Lakini kwa mfanyakazi wa Eastleigh, asubuhi moja ndege zipo, asubuhi nyingine uwanja mtupu, na maneno ya kambini ni kwamba wamekwenda kupigana na Waarabu. Novemba 1961 kikosi kikahamishiwa Aden moja kwa moja. Babu yako anasema aliacha kazi muda mfupi kabla ya Uhuru. Sishangai kama kazi ilipungua baada ya kikosi hicho kuhama.

Basi panga hivi: mluzi mrefu na Hali ya Hatari ni Vampire, 1954. Kishindo na moshi ni Venom, 1959. Uarabuni ni Hunter, 1961. Mikia miwili na mbao vimetoka kwa zile mbili za kwanza, zikampa Hunter umbo lisilokuwa lake.

Ukitaka kulithibitisha, vitabu vya kila siku vya vikosi vya RAF viko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, katika mfululizo wa AIR 27. Anza na Kikosi cha 208 mwaka 1959 hadi 1961, kisha Kikosi cha 8 mwaka 1954. Vina majina ya marubani na safari zao, ila usitegemee kukuta jina la babu. Kwa upande wetu jaribu Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, kwenye karatasi za kazi na vibarua. Vampire yenyewe ukitaka kuigusa, jumba la makumbusho la jeshi la anga la Afrika Kusini lipo Swartkop, Pretoria, na la Zimbabwe lipo Gweru.

Kabla ya yote hayo, kaa na mzee mchana mmoja na simu yako ikirekodi. Mwulize kama ndege zenye mikia miwili zilikuwa na matangi ya mafuta kwenye ncha kabisa za mabawa. Venom zilikuwa nayo hapo. Vampire zilibeba matangi yake chini ya bawa. Mwulize mkokoteni wa betri aliuona lini, na kama uliwahi kutoweka. Kisha mwonyeshe picha moja moja bila kumtajia jina la ndege, maana ukilitaja wewe kwanza atakukubalia tu ili mambo yaishe. Na picha ya Hunter itafute yenye alama za Waingereza. Zile za rangi za Kenya ni za 1974 na kuendelea, na akiiona hiyo ataikataa, kwa haki.